Neno Jepesi Ndilo Lenye Hatari

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Nyakato, Musoma



Mimi ni karani kama ninyi. Si mwalimu wa lugha, wala sikuja kuwafundisha Kiingereza watu ambao wamepata riziki yao kwa Kiingereza miaka mingi. Nimekuja kusema jambo moja tu, nalo ni hili: katika Kiingereza, neno gumu halitudhuru sana; neno litudhurulo ni jepesi.

Sababu yake ni rahisi kuiona. Karani akikutana na neno refu asilolijua, husimama, hufungua kamusi, humwuliza mwenzake wa meza ya pili. Lakini akutanapo na “fine”, au “bill”, au “may”, au “interest”, hapiti kwenye kamusi, maana anasema moyoni, “Hili nalijua tangu nikiwa mtoto wa shule.” Ni kweli analijua, lakini analijua kwa maana moja, na neno lenyewe lina maana tano au sita. Mgeni akipotea njia huuliza. Mwenyeji akipotea njia ya kwao huona haya kuuliza, naye ndiye afikaye usiku.

Basi tuanze na vitu vilivyo juu ya meza zetu. Neno “minute” ni dakika. Likiwa katika wingi, ni kumbukumbu za mkutano. Katika jalada, ni maandishi mafupi ambayo mkubwa humwandikia mdogo, au mdogo humwandikia mkubwa, ili shauri liendelee mbele. Na likitamkwa kwa mkazo wa mwishoni, si dakika tena wala si maandishi: ni kitu kidogo mno, kisichoonekana upesi kwa macho. “File” ni jalada. Kwa fundi chuma ni tupa ya kunolea. Kwa askari ni safu ya watu waliofuatana mmoja nyuma ya mwingine. “Leave” ni kuondoka, ni kuacha, ni likizo, tena ni ruhusa. “Case” ni kesi ya mahakamani, ni sanduku, ni mgonjwa mmoja katika hesabu ya daktari. “Bill” ni hati ya kudai malipo. Bungeni ni muswada wa sheria. Marekani ni noti ya fedha. Na kwa ndege ni mdomo wake.

Tazameni sasa jinsi Kiswahili chetu kilivyofanya kilipoazima maneno haya. Hakikuichukua nyumba nzima; kilichukua chumba kimoja kikafunga mlango. Tulichukua “posta” kwa barua, tukaiacha “post” iliyo nguzo na “post” iliyo cheo cha kazi. Tulichukua “faini” kwa adhabu ya fedha, tukaiacha “fine” iliyo nzuri, na “fine” iliyo nyembamba, na “fine” ambayo mtu huijibu akiulizwa hali. Tulichukua “bili” ya kulipa, tukauacha mdomo wa ndege. Jirani zetu wa Uganda walichukua neno “mile”, lililo kipimo cha njia. Na kwa kuwa Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900 yaligawa ardhi kwa maili za mraba, neno lile likageuka kuwa “mailo”, jina la namna ya kumiliki ardhi, nalo latumika hata leo. Hapo ndipo mtego ulipo. Neno lililokwisha kuingia kwetu kwa maana moja hutufanya tudhani kwamba huko lilikotoka nako lina maana hiyo moja.

Pengine mtauliza: Waingereza wenyewe wana maneno mangapi ya namna hii? Wataalamu wao wa Oxford walianza kuipiga chapa kamusi yao kubwa mwaka 1884, wakaimaliza mwaka 1928. Katika chapa ya pili ya mwaka 1989, maelezo marefu kupita yote hayakuwa ya neno kubwa la sayansi, bali ya neno “set”, lenye herufi tatu. Na katika chapa ya tatu, ambayo wanaiandaa, kitenzi “run”, kilicho na herufi tatu vile vile, kimehesabiwa maana zaidi ya 600. Mtoto wa shule ya msingi akijifunza kwamba “run” ni kukimbia, amejifunza kweli, lakini amejifunza moja katika mia sita. Mashine hu-“run” bila kwenda popote. Mtu hu-“run” duka akiwa ameketi. Na mgombea hu-“run” katika uchaguzi bila kutoka jasho la miguu.

Hayo ni ya neno moja lenye maana nyingi. Kuna na upande wa pili: maana moja yenye maneno mengi. Hili lina tarehe yake. Mwaka 1066 watu wa Normandy, waliosema Kifaransa, waliivamia Uingereza wakaitawala. Tangu hapo mkulima alisema lugha yake ya kale, bwana alisema Kifaransa, na padre aliandika Kilatini. Ng'ombe akiwa malishoni, alipo mchungaji, huitwa kwa neno la mchungaji, “ox” au “cow”. Akifika mezani pa bwana amekuwa “beef”, neno la Kifaransa. Kondoo ni “sheep” zizini, na nyama yake ni “mutton” sahanini. Hata mwaka 1362 ilibidi itungwe sheria ya kuamuru kesi za mahakamani zisemwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu hawakufahamu yaliyokuwa yakisemwa juu yao. Sisi tunaoishi Mara, wenye lugha za nyumbani, na Kiswahili, na Kiingereza cha ofisini, hatuna haja ya kuambiwa jinsi jambo hilo lilivyo.

Kwa hiyo Kiingereza kina “ask”, kina “question”, kina na “interrogate”. Kamusi ndogo itakuambia yote matatu ni kuuliza. Lakini la kwanza ni la jirani kwa jirani. La pili lina shaka ndani yake. Na la tatu lina askari mlangoni. Ukimwandikia mzee wa kijiji kwamba Afisa anataka kum-“interrogate” juu ya mipaka ya shamba lake, umemtia hofu ya bure mtu ambaye aliitwa aje kusaidia. Maneno yaliyo ndugu hayana uzito mmoja. Kuna la shambani, kuna la barazani, kuna la mahakamani, na karani mwema hujua lipi la wapi.

Bwana Mwenyekiti, pengine mwanachama mmoja atasema kwamba haya ni mchezo wa wasomi, hayamletei mtu hasara. Naomba nitoe mashauri manne ili tuone.

La kwanza ni la kuchelewesha kazi tu. Katika Vita vya Pili vya Dunia wakuu wa majeshi wa Uingereza na wa Marekani walikutana kushauriana. Waingereza walitaka jambo fulani li-“table”, yaani liwekwe mezani lijadiliwe mara moja. Wamarekani wakakataa kwa nguvu, kwa kuwa kwao ku-“table” jambo ni kuliweka kando lisijadiliwe. Churchill ameeleza katika tarehe yake ya vita ile kwamba walibishana muda mrefu kabla ya kutambua kuwa pande zote mbili zataka jambo lile lile. Hawa walizaliwa katika lugha hiyo! Kadhalika katika hesabu: “billion” ya vitabu vya zamani vya Uingereza ilikuwa milioni mara milioni, na ya Marekani ni elfu mara milioni. Serikali ya Uingereza ilitangaza kuifuata hesabu ya Marekani mwaka 1974. Karani afunguaye kitabu cha kale na atazame kwanza kimepigwa chapa wapi na lini.

Shauri la pili ni la nchi na nchi. Tarehe 2 Mei 1889 Menelik wa Ethiopia na serikali ya Italia walitia sahihi mapatano huko Wuchale. Kifungu cha 17 kwa Kiamhara kilisema kwamba Menelik aweza kutumia msaada wa Italia katika mambo yake na nchi za kigeni. Kwa Kiitaliano kilimfunga afanye hivyo. Aweza, na amefungwa: tofauti ni hiyo tu. Waitaliano wakaishika maana yao wakaiita nchi ile kuwa chini yao. Menelik akaishika yake. Na mwisho wake ulikuwa vita, na kushindwa kwa Waitaliano huko Adwa tarehe 1 Machi 1896. Maelfu walikufa katika shauri lililozaliwa na kitenzi kimoja.

Tofauti ya namna hiyo twaipita kila siku katika majalada yetu, kwa maana ndiyo tofauti ya “may” na “shall”. Sheria yetu ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, katika kifungu cha 53, imeeleza wazi: penye “may”, mwenye mamlaka aweza kuyatumia au kutoyatumia kwa hiari yake, penye “shall”, kazi ile haina budi kufanywa. Mwananchi akiuliza dirishani kama ana haki ya kupewa hati fulani, na karani akamjibu “waweza kupewa” mahali ambapo sheria imesema “shall”, karani huyo amemgeuza mwenye haki kuwa mwombaji.

Shauri la tatu ni la roho ya mtu. Tarehe 2 Novemba 1952, huko Croydon karibu na London, vijana wawili walikutwa na polisi juu ya paa la ghala. Christopher Craig, wa miaka 16, alikuwa na bastola. Derek Bentley, wa miaka 19, alikuwa amekwisha kukamatwa. Polisi walisema kwamba Bentley alimpigia mwenzake kelele kwa maneno haya: “Let him have it.” Maneno hayo yote ni ya darasa la kwanza. Lakini yana maana mbili: “mpe hicho ulichoshika”, yaani mpe polisi bastola; au “mpige”. Askari mmoja aliuawa usiku ule kwa risasi ya Craig. Vijana wote wawili walikana mahakamani kwamba maneno yale yalisemwa. Lakini yalishikwa kuwa ushahidi juu ya Bentley, akanyongwa tarehe 28 Januari 1953. Craig hakunyongwa, maana umri wake haukutimia. Mwaka 1998 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu ya Bentley, ikisema kwamba jaji hakuwaelekeza kwa haki wazee wa jopo. Ilikuwa miaka 45 baada ya kaburi. Hakukuwa na neno gumu hata moja katika shauri lile.

Shauri la nne halina jina la mtu, kwa sababu ni la watu wengi. Tuseme mzee wa kijijini anataka mkopo wa kununulia nyavu au ng'ombe. Analetewa karatasi ya Kiingereza, naye anamtafuta mtu wa kumsomea. Msomaji anafika kwenye neno “security” na kusema, “Hapa ni habari za usalama.” La! Katika karatasi ya mkopo neno hilo ni dhamana, na dhamana yenyewe ni shamba la mzee. Anafika kwenye “interest” na kusema, “Wanapendezwa na maombi yako.” La! Hiyo ni riba. Anafika kwenye “principal” akafikiri ni mkuu wa chuo; kumbe ni deni la asili kabla ya riba. Na baada ya miezi inakuja barua kwamba fedha fulani ni “outstanding”. Mjukuu aliyesifiwa shuleni kuwa mwanafunzi “outstanding”, yaani bora kuliko wenzake, anamwambia babu yake kwamba amesifiwa. Babu anafurahi, naye amedaiwa! Tukicheka, tucheke kidogo tu, kwa kuwa shamba likiuzwa hakuna wa kucheka. Hakuna neno hapo ambalo msomaji alikuwa halijui. Yote aliyajua, ila alijua chumba kisicho chake.

Mabwana na Mabibi, mtu wa kutufundisha njia iliyo bora hatuna haja ya kumtafuta mbali. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, na shule yake ya kwanza ilikuwa hapa Musoma, Mwisenge. Mwalimu Julius Nyerere alikijua Kiingereza vema, lakini sifa yake katika jambo hili si wingi wa maneno; ni kulipima neno kabla ya kulivusha.

Tazameni neno “trust”. Laweza kuwa imani ya moyoni. Laweza kuwa amana, yaani mali ya mtu iliyowekwa kwa mwingine. Tangu mwaka 1946 Tanganyika ilikuwa nchi ya “trust” chini ya Umoja wa Mataifa, ikiendeshwa na Uingereza, na mwaka 1955 Mwalimu alikwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini. Mwenye kulifasiri neno lile “imani” atasikia kwamba watu wametakiwa kumwamini mtawala basi. Mwenye kulifasiri “amana” atasikia kwamba kuna mwenye mali, na kwamba siku moja mali hurudishwa. Nayo ilirudishwa tarehe 9 Desemba 1961.

Tena tazameni kazi yake ya kufasiri michezo ya Shakespeare. Mchezo uitwao kwa Kiingereza “The Merchant of Venice” aliufasiri, nao ukatoka mwaka 1969. “Merchant” kwa kamusi ni mfanyabiashara, au tajiri wa biashara. Mwalimu hakuandika hivyo. Aliandika “Mabepari wa Venisi”. Alibadili neno, akabadili na hesabu yake, kutoka mmoja hadi wengi. Mtu aweza kukubali au kukataa chaguo hilo, lakini hawezi kusema kwamba lilifanywa kwa usingizi. Na mchezo wenyewe, kwa walioujua, wahusu “bond”. Neno hilo ni kifungo, ni hati ya deni, ni mapenzi yawaungayo watu. Na katika magazeti ya leo ni hatifungani za Serikali. Mdai katika mchezo ule ameandikiwa ratili moja ya nyama ya mwili wa mdeni wake. Anaishika hati kwa herufi. Naye anashindwa kwa herufi, maana hati imetaja nyama, haikutaja damu.

Lakini haki yataka niseme kwamba hata Kiswahili kina mitego, na pengine Kiingereza ndicho kinachopungukiwa. “Kaa” ni mnyama wa pwani, ni kipande cha makaa, ni kuketi. “Barabara” ni njia kuu, na mkazo ukihamia nyuma ni sawasawa kabisa. Na kwa upande wa pili, Kiingereza chasema “rice” tu, penye mpunga shambani, mchele gunia na wali sahanini. Chasema “uncle” tu, penye mjomba, baba mkubwa na baba mdogo. Karani akiandika katika shauri la mirathi kwamba mtoto wa marehemu analelewa na “uncle”, hajasema neno. Ni ndugu wa baba au ndugu wa mama? Wazee wa ukoo watauliza hilo kabla ya lolote, na jalada halitakuwa na jibu. Aongeze maneno mawili tu, ndugu wa mama, na mtoto yule amepata mahali pake.

Je, tufanyeje? Natoa mashauri matatu, nayo hayana gharama.

Kwanza, tusilifasiri neno kabla ya kumaliza sentensi, wala sentensi kabla ya kumaliza barua. Neno la Kiingereza hujulikana kwa wale linaotembea nao. “Interest” ikifuatana na asilimia ni riba. Ikifuatana na “conflict” ni maslahi. Ikifuatana na kitabu ni hamu.

Pili, tukiwa na maana mbili mkononi, tuulize: ni nani atakayelipa tukikosea? Kama ni sisi, hasara ni dakika chache za kuandika upya. Kama ni mwananchi aliyesimama dirishani, basi kamusi na ifunguliwe hata kama foleni ni ndefu. Kamusi tunazo: iko ile ya mwaka 1939 iliyotokana na kazi ya Frederick Johnson, na iko ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya mwaka 1996. Na tusiishie kwenye maana ya kwanza. Ya nne ndiyo mara nyingi iliyoandikiwa jalada letu.

Tatu, tuandikapo wenyewe, tuchague neno ambalo halina mlango wa nyuma. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Sheria nyingi za kabla ya hapo zilitungwa kwa Kiingereza, na kuzifasiri ni kazi kubwa. Wengine watafurahi wakidhani kwamba shida ya Kiingereza imekwisha. Mimi naona kwamba sasa ndipo inapotutaka zaidi. Mwenye kuisoma sheria kwa Kiingereza alijua kwamba aweza kukosea, akauliza. Mwenye kuisoma kwa Kiswahili ataamini kila neno kama alivyolipokea. Mfasiri akikosea leo, mwananchi hatakuwa na shaka ya kumwokoa.

Wazee wetu walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nasi makarani tuna kiungo cha tatu cha kujikwaa, nacho ni kalamu, na kalamu ikijikwaa aangukaye ni mtu mwingine. Basi tusione haya kuulizana maana ya neno jepesi. Karani kijana akija mezani pako kuuliza maana ya “may”, usimcheke. Mpe kiti.

Mwenye swali na aulize. Na mwenye maana ya saba ya “bill” na aitoe sasa, kabla Bwana Mwandishi hajafunga “minutes” zake.